Pazia la Msimu wa Utah

Jumatatu hiyo, mwezi wa sita mwaka 1998, Phelesia aliunguza maharagwe ya wasichana mia tatu. Katika miaka kumi na tisa ya kupika kwenye shule moja ya bweni mjini Homa Bay, hakuwahi kuunguza hata kijiko kimoja. Wapishi wenzake walidhani ni Kombe la Dunia, maana wiki hizo kila mtu alikuwa na Ufaransa kichwani. Maskini hawakujua kwamba mama huyu hakujali kandanda hata chembe. Alikuwa na msiba wa mpira wa kikapu wa Marekani, na juu ya msiba huo aliamini kwamba hataona mechi nyingine tena.

Ugonjwa wenyewe wa kikapu ulimpata hapo hapo jikoni. Uwanja wa kikapu wa shule ulikuwa hatua kumi kutoka dirishani kwake, na mara mbili mpira ulitumbukia kwenye sufuria ya uji. Mara ya kwanza alifoka. Mara ya pili aliuliza, "Kwani mnatafuta nini huko juu?" Wasichana wakamweleza, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa akimzomea refa huku ameshika mwiko.

Televisheni hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo, tena na video, ni fundi wa redio mjini Migori aliyeitwa Nyamhanga. Rafiki yake Kerosi alikuwa akimrekodia mechi Nairobi na kumtumia kanda kwa basi. Shida ilikuwa moja tu: Nyamhanga alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Damaris na baba wa mjukuu wake Nicanor.

Phelesia ni Mjaluo, Nyamhanga ni Mkuria, na yako mambo ambayo wazee wa pande hizo mbili wanaweza kubishania mpaka jua litue. Kwa hili, hata hivyo, wako kitu kimoja: mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawakodoleani macho, hawaketi pamoja wakapiga soga, wala hawaitani majina. Kuketi chumba kimoja mkipiga kelele za "Rusha! Rusha!" wazee hawakukataza, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiria kwamba mtu mwenye akili timamu atafanya hivyo.

Nyamhanga ndiye aliyepata dawa. Alipigilia misumari miwili, akafunga waya katikati ya sebule, akatundika shuka la maua. Televisheni akaiweka pale shuka lilipoishia. Mama mkwe akaketi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango. Wote waliiona televisheni na hakuna aliyemwona mwenzake. Damaris, ambaye mchezo huo ulimchosha kupita kiasi, aliketi kwenye ncha ya pazia na sinia la njugu, akawa mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

"Damaris, mwambie Baba Nicanor hiyo Chicago yake inabebwa na refa."

"Mwambie mama," sauti ilijibu kwa unyenyekevu mkubwa, "refa ameona tu vile kila mtu ameona."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia! Mwambie, kwa heshima, anunue miwani."

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Kila Jumapili Phelesia aliwahi misa ya kwanza, akapanda gari la Migori kupitia Rongo, na aliyemuuliza aliambiwa anakwenda kumwona mjukuu wake Nicanor. Nicanor mwenyewe alibusiwa haraka haraka na kuwekwa chini.

Aliyemtilia shaka ni Roseline, dada ya marehemu mumewe, mwanamke mwenye jicho la kipimo.

"Shuka ni shuka tu, si ukuta," alimwambia. "Siku utaonana uso kwa uso na mkweo mkipiga makelele, hiyo boma hutakanyaga tena. Mimi mwenyewe nitakuzuia."

Phelesia aliapa kwamba siku hiyo haitafika.

Timu yake ilikuwa Utah. Chicago ilipendwa na kila mtu, fulana zake nyekundu zilijaa kwenye mitumba, na Phelesia hakuona haja ya kumpelekea maji mtu anayeishi ziwani. Utah walikuwa wazee. Kulikuwa na yule mfupi wa kaptula fupi na yule mkubwa wa mabega, miaka nenda miaka rudi wakirudia jambo lile lile: mmoja anasimama kama ukuta, mwenzake anamzunguka, pasi, kikapu. Ni kama ugali, maji na unga na mwiko, na bado watu wanashiba. Mwaka uliotangulia walifika fainali, Chicago ikawanyima. Phelesia, ambaye hajawahi kupewa hata cheti kwa miaka yake yote ya kusonga, alitaka wazee hao wapewe kikombe mara moja tu kabla magoti hayajawakataa.

Wakafika fainali tena, na Chicago tena. Mechi ya kwanza Utah wakashinda na Phelesia akaimba ndani ya gari mpaka Rongo. Ya tatu wakapata pointi hamsini na nne tu mechi nzima, akala ugali bila mboga kwa hasira. Ya tano wakashinda huko huko Chicago, na matumaini yakamrudia.

Kanda ya mechi ya sita ilitazamwa Jumapili, wiki nzima baada ya mechi yenyewe. Alipofika alikuta kuku amechinjwa.

"Kuku wa nini leo?"

"Kula tu, mama," Damaris alisema, akaangalia pembeni.

Akala upande wake wa pazia, akaona ni heshima ya kufunga msimu. Mechi ikaenda vizuri. Dakika ya mwisho Utah walikuwa mbele kwa pointi tatu. Chicago wakapata kikapu, ikabaki moja. Mpira akapewa yule mkubwa wa mabega, na hapo Phelesia akaona mkono ukimjia kwa nyuma. Wasichana wa shule wameibiwa hivyo mbele ya dirisha lake mara elfu.

"Nyuma yako!" alipiga ukelele, akasimama. "Nyamhanga! Mwambie aangalie nyuma!"

Alijishika kwenye kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa pazia. Waya ukakatika, shuka likaanguka, mpira ukaporwa, na Chicago wakafunga. Themanini na saba kwa themanini na sita. Mfupi wa kaptula fupi akarusha wa mwisho, ukagonga chuma.

Phelesia aligeuka kumtazama yule mwenye majivuno aliyemtesa msimu mzima. Nyamhanga alikuwa ameketi na fulana nyekundu ya Chicago aliyoigeuza ndani nje, uso ameuficha viganjani.

"Mbona hushangilii?" alimuuliza yeye mwenyewe, bila mkalimani.

"Nilijua tangu Jumatatu, mama. Nilisikia kwa redio." Hakuinua uso. "Nitashangilia aje, na mama yangu amefiwa?"

Ndipo Phelesia alipomwelewa yule kuku. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akakumbuka yeye ni nani. Akajifunika leso usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana maharagwe yaliungua kesho yake.

Ijumaa kondakta wa basi alileta furushi jikoni. Ndani mlikuwa na barua ya Damaris.

*Mama, Baba Nicanor anakusalimu sana. Anasema hukukosea. Kosa ni la fundi aliyefunga waya mwembamba, na fundi ni yeye. Ameshafunga mwingine mnene. Shangazi Roseline hajui, na sisi hatutamwambia. Anaomba utushonee pindo.*

Chini ya barua kulikuwa na kitambaa kizito cha pazia. Kilikuwa cha zambarau, rangi ya Utah.

Phelesia alikishona kwa mkono jioni hiyo, kwenye kiti cha jikoni, wasichana wakidunda mpira nje. Alipofika chini alipima mara mbili, akakunja pindo nene kuliko inavyotakiwa, ili pazia lisifike sakafuni. Aliacha nafasi ya kutosha sahani ya njugu kupita bila kumsumbua Damaris.