Dada Yangu Alipiga Kinanda Bila Viatu

Kanisa letu mtaani Huruma, Nairobi, lilimcheka dada yangu Jumapili moja mwaka 1996. Mimi pia nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Dada yangu Ndunge alikuwa mpiga kinanda, mimi nikiongoza kwaya. Kinanda chenyewe kilikuwa cha mbao, kizito kama kabati la nguo. Kilikuwa na safu mbili za vibonyezo, pedali za besi miguuni, na spika ndani ya sanduku lake.

Kabla ya kupiga, lazima avue viatu.

"Huyo anajua amekanyaga mahali patakatifu," akina mama walimsifu.

Mimi nilikuwa nimechizika na kibodi niliyoiona Eastleigh, kwa Yonis muuza vyombo vya muziki.

"Sista, manze, hiyo kitu iko na bendi mzima ndani! Unafinya tu na mkono wa kushoto, ngoma na besi zinakuja zenyewe. Hakuna kukanyaga kitu!"

Ndunge alinitazama mdomo mpaka nikamaliza.

"Mbithi, niachie hicho changu. Tafadhali."

Nikamwona mshamba. Niliwashawishi wazee wa kanisa, tukampa Yonis kinanda, naye akatupa kibodi.

Jumapili ikafika. Spika mpya zilitundikwa juu ukutani. Ndunge akavua viatu, akaweka nyayo kwenye saruji. Nikawasha mdundo wa rumba.

Ngoma ikaenda huku, yeye akaenda kule.

Watu wakaanza kuguna, kisha wakacheka waziwazi. Yeye aliendelea kupiga, macho kwenye mdomo wangu kama kawaida yake. Aliponiona nacheka, akaondoa mikono na kutoka nje.

Nilimfuata. "Ndunge! We Ndunge!"

Hakugeuka. Nilipomshika bega akaruka kwa mshtuko.

"Kwani husikii?"

Akaangua kilio.

"Tangu ile homa ya ninety-three, masikio yamekuwa yakiisha pole pole. Lakini kinanda kilikuwa kinatetemeka. Nilikuwa nakisikia na nyayo. Maneno ya wimbo nilisoma kwa mdomo wako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema, mngeniacha nipige?"



Kesho yake nilifika kwa Yonis kabla hajafungua duka.

"Pole, ndugu yangu," akaniambia. "Spika nimetoa, mbao amechukua fundi wa makabati."

Zilikuwa zimebaki pedali tu, zimetupwa kwenye kona.

Nilizibeba hadi nyumbani, mtaa wa Lucky Summer. Ndunge akavua viatu, akakanyaga moja, akafumba macho. Akasubiri. Akakanyaga nyingine.

"Zimenyamaza," akasema.

Hakupiga tena kinanda mpaka tukamzika.

Ukimwona mtu ameng'ang'ania kitu cha kizamani, usikimbilie kumwita mshamba. Muulize kinamsaidia nini. Mimi nilijua kazi ya kila kitufe cha ile kibodi, na sikujua dada yangu hasikii.