Mpira wa Breki Njiani Kwenda Mikumi

Baba yangu alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge karibu na Kilosa. Shamba lilipofungwa, meneja wa mwisho alimwachia gari lake la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili. Baadaye presha ya macho ilimpofusha baba, hivyo mimi binti yake nikawa dereva, naye akawa wa kukaa pembeni na kulisikiliza.

Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, tulikuwa tunalipeleka Mikumi limbebe bibi harusi. Vijiji tulishaviacha, tuko kwenye kipande ambacho tembo hupita wakitoka hifadhini, baba aliponiuliza, "Umekanyaga breki?"

"Hapana, baba."

"Mbona gari zito?"

Nilishaona. Muda mrefu nilikuwa naongeza mafuta na gari halichanganyi, na usukani ulikuwa unanivuta kushoto. Sikutaka iwe kweli. Kisha harufu ikaja, kama ya kitambaa kinachoungua kwenye pasi, na barabara ikaanza kuteremka kuelekea darajani. Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini, laini, kama nimekanyaga uji.

"Baba, breki hazipo."

"Usizime gari. Gia ya pili. Sasa ya kwanza. Hendibreki taratibu, usiivute kwa ghafla."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania mlango. Gia ililia. Nilisoma shahada kwa sauti. Gari lilisimama hatua chache kabla ya daraja, moshi ukifuka kwenye gurudumu la mbele kushoto. Ng'ambo ya mto, karibu kabisa na barabara, walisimama tembo wanne, mmoja wao mtoto.

Nilimwambia. Akauliza upepo unatoka wapi.

"Unatoka kwao."

"Basi hawajatunusa. Tuzungumze chini chini."

Nilichukua dumu la maji nipoze gurudumu, akanizuia. Diski ya breki ikiwa ya moto, ikimwagiwa maji hupasuka. Tukangoja. Simu haikuwa na mtandao. Niliwahesabu wale tembo tena na tena, kana kwamba idadi ingepungua.

Baadaye, breki zilipopoa, pedali ilirudi kuwa ngumu, lakini nilipoliinua gurudumu kwa jeki halikuzunguka. Baba alishuka, akapapasa bodi mpaka kwenye boneti, akaifungua.

"Legeza nati ya paipu hapa kwenye masta silinda," akanong'ona, akiigusa pampu ya breki. "Kama tatizo liko huku juu, gurudumu litaachia."

Nililegeza. Mafuta ya breki yakachuruzika, gurudumu halikuachia. Nikakaza. Akanielekeza chini, nyuma ya gurudumu, kwenye nati ndogo ya kutolea upepo ulioingia kwenye breki. Spana ikaniponyoka, ikagonga jiwe. Tembo mmoja akageuka, akatanua masikio.

"Amefanya nini?"

"Anatuangalia."

"Endelea, mwanangu."

"Baba, siwezi."

Alichuchumaa, akaitafuta spana kwenye vumbi, akaniwekea kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake.

Nikafungua. Mafuta yakaruka, na nilipolisukuma gurudumu kwa kidole likazunguka.

"Ni mpira wa breki," akasema. "Umevimba kwa ndani. Unapeleka mafuta gurudumuni, haurudishi. Breki ikabaki imeshika mpaka mafuta yakachemka."

Nilikaza nati, nikashusha jeki, nikamrudisha kitini. Lakini daraja lilikuwa linatupeleka upande wa tembo, kwa hiyo tulikaa pale, vichwa chini ya dashibodi, mpaka walipokata barabara mmoja mmoja na kupotelea vichakani. Ndipo tukaenda mwendo wa baiskeli, gia ya kwanza na hendibreki, sikuigusa pedali ya breki mpaka Mikumi.

Fundi wa pale aliukata ule mpira, akamshikisha baba: tundu lilikuwa limebaki la kupita sindano tu. Bibi harusi alipanda gari la mjomba wake wala hakununa. Baba alikula pilau na wazee wenzake, akiitikia marahaba kila upande, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya masufuria ya wapishi.

Alasiri aliniita, akaniuliza kama niliwaogopa wale tembo.

"Sana, baba."

"Mimi zaidi," akasema. "Wewe ulikuwa unawaona."