Kikombe cha Winnie Tranter

Winnie Tranter alinuna kwenye televisheni miaka nenda miaka rudi, na Uingereza nzima ikavunjika mbavu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa Ethel, mke asiyesema neno. Mumewe, Herbert, anabwabwaja wee, anadanganya, anajisifu, kisha kamera inamgeukia Ethel kitini. Anamtazama tu. Basi, watu hoi.

Kabla ya hapo alicheza dansi kwenye kumbi za Blackpool mpaka magoti yakagoma. Mumewe wa kweli alishafariki. Alikuwa akipanda treni kutoka Salford kuja London na mkate wake wa nyama kwenye karatasi, maana chai ya kantini yetu pale studioni, alisema, ilitosha kumuudhi.

Redio nayo ikakitaka kichekesho kile. Mtayarishaji wetu, Desmond Yarrow, akakaa na maandishi, akageuza kila kilichoonekana kiwe cha kusikika. Zamani Herbert alianguka tu ngazini, sasa anasema kwanza, "Mbona ngazi hii inacheza?" Alipofika kwa Ethel, akamfuta.

"Beryl," akaniambia, "mtu asiyesema, redioni hayupo."

Damu ilinichemka! Kazi yangu mimi ni sauti: milango, nyayo, mvua. Nikachukua kikombe na kisahani. "Sikiliza," nikamwambia. Herbert anadanganya, kijiko kinakoroga. Anazidi kudanganya, kijiko kinasimama. Kimya. Kisha kikombe, ka! kisahanini. Desmond alicheka mpaka akafuta macho.

"Safi kabisa! Basi Winnie wa nini? Kikombe utapiga wewe."

Mjinga mimi, nilidhani nimemwokoa. Clifford Maund, mwigizaji wa Herbert, alikuwa pembeni anatafuna biskuti. "Tena afadhali," akasema. "Yule bibi huniibia vicheko." Hebu msikie! Jina lake lote limejengwa na uso wa yule mama.

Sasa, kwetu kila kazi ina mpaka wake, na vyama vya wafanyakazi havina mchezo. Mwigizaji hagusi vyombo vya sauti, fundi wa sauti haigizi. Desmond alidhani mpaka huo unamsaidia yeye.

"Mlango nitafunga," nikamwambia. "Mvua nitanyesha. Lakini kikombe hiki kina hasira, na kukasirika ni kuigiza. Nikikigusa, chama cha waigizaji kitaifunga studio yako, na atakayewapigia simu ni mimi."

"Na Winnie akigusa chombo cha sauti, chama chenu je?"

"Chama chetu hapa, mwakilishi wake ni mimi."

Akanuna, akamwita Winnie.

Siku ya kurekodi ukumbi ulijaa watazamaji. Winnie alikuja na kofia yake nzuri. Clifford akamwinamia. "Vipi, Mama Kikombe? Usije ukasahau maneno yako!" Akacheka peke yake. Ningekuwa na uwezo, ningemfungia mlango wangu usoni. Winnie akachukua kikombe chake.

Taa nyekundu ikawaka. Clifford akamwaga uongo wote wa Herbert, akafika mwisho, akangoja kikombe. Winnie alikuwa amekishika hewani. Hakishushi. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Desmond anapunga mikono, maana redioni kimya kama kile ni msiba. Clifford akapekua maandishi yake, hamna kitu.

"Ethel?" akasema.

Kimya.

"Ethel... upo?"

Winnie akasogelea maikrofoni. "Nipo."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko! Watu walipiga miguu sakafuni, wakapiga makofi, na kila Clifford alipofungua mdomo wakaanza upya. Desmond akaacha kupunga mikono, akakaa. Vicheko vile hakuna mtayarishaji angethubutu kuvikata, na Clifford alilijua hilo, uso umemwiva.

Winnie akaja mpaka mezani kwangu, akanikabidhi kikombe.

"Shika chombo chako, mwanangu," akasema. "Mimi nina maneno ya kusema." Akarudi kwenye maikrofoni.