Benchi la Mbele

Ujinga wangu nautaja kwanza, mama asije akaniwahi. Nilikuwa darasa la saba. Wazee walipomaliza kubishania choo cha plot yetu ya vyumba vya kupanga, nilibaki kwenye holi yetu ya Mashimoni, nikachukua msumari na kuchonga kwenye ncha ya benchi la mbele: BABA KEVO ANAJAMBA.

Baba Kevo ndiye fundi aliyeyatengeneza mabenchi yale, na ufunguo wa holi alikaa nao yeye. Alipoyaona maandishi, akanguruma, "Nikimjua huyu mwandishi, nitamkalia!" Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ili nisishukiwe.

Holi ni mabati na mbao tu, lakini babu zetu waliijenga kabla stima haijafika. Harusi humo, chanjo humo, ugomvi wa maji humo. Mtu akifa, mabenchi hubebwa hadi mlangoni kwa wafiwa, yakakaa huko mpaka mazishi. Baba yangu alipofariki, Baba Kevo mwenyewe alilibeba la mbele na vijana wake, akiwaamrisha:

"Pamoja! Inueni!"

Mama alilikalia siku zote za matanga.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa. Jioni hiyo tulisikia mayowe, kisha milango ikivunjwa plot baada ya plot. Watu wa upande wetu walikuwa wanafukuzwa. Mama alianza kung'oa bati la ukuta wa nyuma kwa mikono.

Mlango ukagongwa.

"Pamoja! Inueni!"

Sauti ile ile.

Ubao ukapasuka. Ncha ya benchi ikaingia, na maneno yangu yakaingia nayo. Nikayasoma yote.

Siku nyingine ningecheka.

Tulipenya nyuma, tukaangukia mtaroni. Mavi yalinifika kiunoni. Lakini hadi leo, nikitema mate nikiikumbuka jioni ile, si kwa sababu ya ule mtaro.

Sasa tuko Kabiro, Kawangware, chumba kimoja na shangazi. Cherehani ya mama iliibwa. Picha ya pekee ya baba iliungua na nyumba.

Mwaka huu tuliitwa kwenye holi, mkutano wa amani. Chai, mandazi, spika za kukodi. Baba Kevo alikuwa ndani ya tisheti nyeupe yenye picha ya njiwa. Ile ncha ya benchi alikuwa ameipiga randa mpaka ikang'aa. Neno hata moja halikubaki. Akaifuta kwa leso yake.

"Karibu, Mama Brayo. Keti hapa mbele, mama. Tusahau."

Watu wakageuka, vikombe mikononi. Mama akalitazama benchi, halafu akamtazama yeye.

"Baba Kevo, hili nililikalia nikimlilia mume wangu. Leo nitasimama."