Faini ya Kukata Asmini

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimeshasema hivyo mbele ya watu wengi na bado nasema. Shule niliiacha darasa la tatu, nikasukuma mkokoteni wa maji Kakuma jua likinichoma utosi, nikanunua mkokoteni wa pili, wa tatu, halafu pikapu, halafu ploti Lodwar. Leo nina gesti ya vyumba kumi na moja, kila chumba na feni yake, na maafisa wenye digrii wananiita mzee wakitaka ufunguo. Nimeona maji yakibeba lori pale ambapo asubuhi watoto walikuwa wanacheza kwenye mchanga mkavu. Nimeona mtu akiuza ploti isiyo yake kwa mtu mwenye pesa zisizo zake. Sikushangaa.

Lakini nilichofanyiwa na mama yangu mzazi, katika uwanja wangu mwenyewe, kwa sababu ya ua, hicho kimenikaa kooni mpaka leo.

Mama nilimtoa kijijini Namoruputh macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Nilimjengea chumba cha vigae, mlango ukitazama uwanja, na nikamnunulia kitanda ambacho hata mimi sina. Akalala chini, juu ya ngozi yake ya ng'ombe. Vigae, akasema, vinateleza kama samaki. Sharti lake la kuja lilikuwa moja tu, aje na mbuzi wake jike. Nikakubali, na huyo mbuzi wiki ya kwanza akala daftari la wageni, kurasa za mwezi mzima.

Malalamiko ya mama yalikuwa harufu. Namoruputh alijua jioni imefika kwa harufu ya mbuzi wakirudi na moshi wa kuni. "Hapa kwako hakunuki kitu," aliniambia. "Naamka sijui kama ni asubuhi, nakaa sijui kama ni jioni. Umenifungia ndani ya sahani."

Wakati huo mche wa asmini ulikuwa na miezi michache uwanjani. Niliununua Kakuma kwa mama mmoja Mkongo anayeotesha miche kwenye makopo ya maziwa mbele ya nyumba yake kwenye kambi ya wakimbizi. Niliununua kwa ajili ya wageni, gesti ionekane ya watu. Nikachimba shimo la kufika kiunoni, nikajaza udongo wa mtoni na samadi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yalichoma majani yakawa ya kahawia kwenye ncha, kwa hiyo nikawa nanunua maji ya mtoni, mitungi miwili kila siku, yanaletwa na punda. Mimi nilikunywa ya chumvi, ua likanywa matamu. Ni nani mwingine Lodwar aliyefanya hivyo? Anionyeshe.

Ua likachanua. Maua meupe, madogo, yanafunguka jua likizama. Siku ya kwanza mama aliinua pua mlangoni pake, akasema, "Jioni imefika." Kuanzia hapo ngozi yake ikahamia nje, karibu na shina. Na akaniambia neno ambalo nililicheka: "Siku mti huu utakapoacha kuniambia jioni, unirudishe Namoruputh."

Nililinda ua lile kuliko nilivyowahi kulinda pesa. Kule mtoni miti ina wenyewe. Migunga ya upande wa baba yangu inajulikana, inaanzia kona hii inaishia kona ile, na mgeni akikata tawi bila kuomba analipa mbuzi. Sheria hiyo nikaileta uwanjani kwangu. Afisa mmoja kutoka Nairobi alivunja kitawi akakiweka kwenye mfuko wa shati.

"Mzee, ni tawi tu."

"Hapa tawi ni mbuzi."

Alicheka mpaka alipoona begi lake liko nyuma ya kaunta na mimi nimekaa mbele yake. Akalipa bei ya mbuzi. Ndogo, nilimhurumia.

Basi kwa miaka mitatu kisu hakikugusa asmini ile. Mtu mwenye akili zake atakataje kitu cha kijani Lodwar? Ikapanda ukuta, ikashika mfereji wa paa, ikatambaa juu ya mabati. Chini zikabaki fimbo tupu, ngumu, kama miguu ya ngamia. Maua yakawa machache, yote juu ya bati, na upepo unayachukua moja kwa moja hadi kwa jirani. Jirani akawa ananishukuru! "Asante kwa harufu, bwana." Maji yangu, punda wangu, pua yake.

Siku moja nilikuwa napiga hesabu ya chakula mlangoni, jua limeshazama kitambo, nikamsikia mama anauliza, "Jioni bado?"

Kesho yake akakunja ngozi. "Jumapili, tukitoka kanisani, unipeleke."

Nilijaribu kila neno. Nikamwambia kule ataanguka, hakuna wa kumshika mkono. Akasema kule anajua njia kwa miguu. Niliondoka nyumbani nikiwa mtoto, nikamwacha akibeba kila kitu peke yake, na sasa nilikuwa na kitu cha kumpa, halafu anakikunja pamoja na ngozi. Jumamosi alfajiri nikaingia kwenye pikapu, nikaenda Kakuma kumtafuta yule mama Mkongo aliyeniuzia ugonjwa huu.

Alikuwa anamwagilia makopo yake.

"Papa, ulikataka?" akaniuliza kabla sijamaliza kueleza.

"Sijagusa hata jani. Miaka mitatu."

Akaweka kopo chini. "Yesu wangu! Miaka tatu? Na nywele ya kichwa yako, unakataka?"

"Nywele si ua."

"Iko sawasawa. Maua inakujaka ku matawi ya mupya. Ya zamani imechoka, haizalake tena. Ikimaliza kuchanua, unakata. Kata mpaka hapa." Akagusa goti.

"Goti lako au langu?" Maana mimi ni mrefu.

"Ya mutoto," akasema, na majirani zake wakacheka.

Nikamwambia aje Lodwar akate mwenyewe, nitamlipa. Akasema kutoka kambini lazima aombe ruhusa, na ruhusa inakawia, na tena mimi niko na mikono miwili. Niliwasha gari kwa hasira. Mtu anakuuzia mche, unaulisha miaka mitatu, halafu anakwambia uufyeke, na wewe ndiye unachekwa! Njia nzima nilikuwa nagombana naye peke yangu. Nilipofika daraja la Lodwar nilikuwa nimeshaamua: sikati.

Nikafungua geti. Ukuta ulikuwa mweupe. Asmini haipo. Paa tupu. Chini kumebaki visiki vya kufika gotini, goti la mtoto hasa, na mbuzi amesimama katikati ya rundo la matawi, tumbo limevimba, anatafuna. Mama amekaa kwenye ngozi yake, panga pembeni, mikono imechubuka, anapapasa visiki kimoja kimoja.

"Ejok," akanisalimia, kama mtu aliyemaliza kufua.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Na huoni!"

"Mkono unaona. Kavu naijua na mbichi naijua. Yale ya juu nimeyavuta, yakaja."

"Mama, kwa nini?"

"Mti ulikuwa umenyamaza. Mti ukinyamaza unakatwa, mbuzi anakula, mti unaamka. Mtoni tulifanya hivyo kila kiangazi, na wewe nikiwa nimekubeba mgongoni. Umeuza maji mpaka umesahau mti."

Nilipiga kelele. Sitaficha. Nilipiga kelele mpaka dereva wa lori wa chumba namba nne akatoka na taulo kiunoni. Nilisema kuna sheria, sheria ya babu zangu, hata afisa wa Nairobi aliifuata, na aliyekata bila kuomba analipa mbuzi, awe nani awe nani.

Mama akageuza uso kwenye sauti yangu. "Mti uko mbele ya mlango wa nani?"

"Wako."

"Ulikuwa unamwambia nani jioni?"

"Wewe."

"Na maji yangu ya kunawa, unafikiri namwaga wapi kila siku?"

Hilo sikulijua.

"Basi mwenye mti ni mimi. Na wewe umekuja kunigombeza juu ya mti wangu, mbele ya mwanamume ambaye hata hajavaa. Nasikia taulo. Utanilipa mbuzi. Jike, mwenye maziwa."

"Mzee, hapo umeshikwa," akasema dereva.

"Rudi ndani kabla hujalipa na wewe!"

Nilipopata pumzi nikauliza, "Na kesho? Namoruputh?"

"Niende, na huyo mbuzi wangu wa faini nimuachie nani? Ukishalipa, tutaongea."

Sasa, mimi sikai na deni. Uliza soko zima la Lodwar. Lakini deni hili nililikalia. Kila siku ya mnada nilirudi mikono mitupu: leo mbuzi wamekonda, leo bei imepanda, leo wote ni madume. Mama anaitikia "haya," anaendelea kuponda mavi ya mbuzi na kuyatandaza kwenye shina. Mimi naleta mitungi yangu miwili. Mbuzi nikamfunga upande wa choo, mbali. Siku ya tisa kwenye kisiki kikavu nikaona kidoa cha kijani, kama punje ya mtama. Wiki ya nne kichaka kilikuwa kimenifika kiunoni, kimejaa, majani laini yanang'aa.

Wiki ya nane, jua linazama, nilikuwa kaunta nikasikia sauti ya mama, kubwa, ya kuita watu:

"Jioni imefika!"

Nikaenda. Maua yalikuwa chini, usawa wa uso wake, mengi, kanga yake imeshika harufu.

"Sasa lete mbuzi wangu," akasema.

"Ulijua nachelewesha?"

"Mbuzi wa Lodwar hawajawahi kukonda wiki nane mfululizo."

Hapo ndipo hasira ilinipanda upya, na haijashuka. Nikamuuliza kwa nini, kama alijua dawa, aliacha niende mpaka Kakuma kuchekwa na watu.

"Hukuniuliza," akasema. "Mimi nilikuwa hapa hapa, nimekaa chini ya mti. Wewe ukachukua gari."

Ngozi yake haijakunjwa tena. Na faini nililipa kesho yake, siwezi kuitwa mdaiwa na mama yangu: mbuzi jike mwenye maziwa elfu saba na mia tano, pikipiki ya kumleta mia mbili, kamba hamsini. Jumla shilingi elfu saba, mia saba na hamsini.