Nusu ya Jibu la Seremala

Mahakamani walimwita Mama Vidole, na jina hilo alilipenda. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkalimani wa viziwi: hakimu akiuliza kwa mdomo, yeye huuliza kwa mikono, kiziwi akijibu kwa mikono, yeye humpa sauti. "Ulimi hauna mfupa," aliwatania makarani, "lakini vidole vina mifupa. Ndiyo maana kazi yangu haina uongo."

Mwaka ule mama yake mzazi akaanza kupotewa na kumbukumbu. Bibi wa watu akilala kwa saa moja tu, anaamka kutafuta ufunguo wa nyumba iliyobomolewa zamani. Binti naye akawa analala kwa vipande. Dada yake alipotaka kumchukua mama walau wiki moja, alimjibu, "Mwache tu, nimeshazoea." Kumbe hakuzoea chochote, alikuwa amesahau tu aliyelala vizuri hujisikiaje.

Jumatatu moja akasimama kizimbani seremala kiziwi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Jirani yake, fundi mwenzake, alikuwa safarini. Mdogo wa fundi huyo alikuta randa ya umeme ya kaka yake, ya kulainishia mbao, haipo, akaenda kumshtaki seremala.

"Uliichukua?" hakimu akauliza.

Mikono ya seremala ikaenda mbio. Mama Vidole aliitazama, lakini kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa. Neno la kwanza likaingia, mengine yakapita.

"Ndiyo, niliichukua," akasema kwa sauti kavu.

Karani akaandika. Hakimu akaamuru rumande wiki mbili. Mama Vidole alipomfikishia seremala amri ile, yule bwana alimkodolea macho. "Kwa nini?" akauliza kwa mikono. "Si nimeshaeleza?" Mama Vidole akajisemea moyoni kwamba wote husema hivyo, akaenda kunywa chai.

Jumamosi dada yake alikuja bila kuuliza, akamfungashia mama nguo, wakaondoka. Mama Vidole akaanguka kitandani, akaja kuamka Jumapili adhuhuri. Alikuwa akipiga mswaki ndipo ile mikono ikamrudia, ishara moja baada ya nyingine: niliichukua, mwenyewe alinipa, niinoe visu vyake. Povu likamdondokea kifuani. "Mungu wangu, nimemfanya nini mtoto wa watu?"

Jumatatu alifika kwa hakimu kabla mfagizi hajamaliza kupiga deki.

"Mheshimiwa, nilimkata mtu maneno."

Alipomaliza kueleza, hakimu akavua miwani. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Sikuwa nimelala."

"Sababu ndogo hiyo."

"Ndogo, mheshimiwa. Lakini yeye ana siku saba sakafuni."

Fundi mwenye randa akapigiwa simu huko safarini. "Nilimpa mimi kwa mkono wangu!" akasema. Seremala akaachiwa mchana ule, kesi ikapangwa kufutwa Jumatano.

Mama Vidole alimsubiri kwenye korido. Akamwambia yote kwa mikono. Habari za mama yake hakuzitaja. Aliona ni kama kumsingizia mgonjwa.

"Uliniona nikieleza?" seremala akauliza.

"Nilikuona."

Seremala akajibu kwa mikono, "Wenye masikio nimewazoea, hawanielewi. Wewe nilikuamini. Jumatano nitafutie mwingine."

Alimtafutia. Siku hiyohiyo aliandika barua kuomba wakalimani wawe wawili, wapokezane, na asiyelala aruhusiwe kusema hivyo bila aibu. Yeye na dada yake wakagawana wiki za kukaa na mama.

Jumatano alikaa benchi la nyuma akifuata kila ishara ya mkalimani mgeni. Mgeni hakukosea hata moja. Kesi ikafutwa. Seremala akatoka na mkewe, akampita pale benchini bila kugeuza shingo. Mama Vidole alitaka kuinuka amfuate, akaona atakuwa anamdai msamaha. Akabaki ameketi, mikono mapajani.