Mabati Yaliyomngoja Mgeni Rasmi

Naikumbuka siku moja ya miaka ya sabini, mwanangu, na sauti yangu ikipanda usishangae. Hasira yake haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa kijana wa Iringa, mtumishi mdogo wa idara ya mipango ya elimu pale Mbeya. Taifa lilikuwa limeazimia kila mtoto asome. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, nisiusingizie: wanakijiji wasimamishe kuta, sisi tupeleke mabati. Kijiji kimoja mbele ya Chimala kilimaliza kuta zake mapema, za matofali mabichi waliyofyatua baada ya kuvuna mpunga. Paa likipatikana kabla ya Januari, darasa la kwanza lingefunguliwa. Lisipopatikana, watoto wangekaa nyumbani mwaka mwingine, na wengine, nakuambia, walishaanza kuota ndevu.

Mabati yalikuwapo! Yalilala ghalani nyuma ya ofisi yetu, yakimngoja mgeni rasmi. Bosi wangu alitaka yakabidhiwe kwa ngoma na hotuba, na mkubwa aliyealikwa kila mara alikuwa na safari nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini la bosi lilikuwa limeshiba. Mvua zilipoanza nilimfuata tena, nikamsihi. Akanijibu, "Kijana, shughuli ya serikali haiendeshwi kihuni."

Hatimaye tulipofika na mgeni wetu, kuta zilikuwa chini, zimeyeyushwa na mvua, tope tupu. Mama Tulinagwe, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, hakupiga kigelegele.

"Tulifundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia mgeni. "Wewe umekuja tumeshaumia, baba. Utaezeka nini hapa?"

Bosi akamnong'oneza mgeni aendelee tu. Naye akaendelea! Akafungua hotuba aliyoandikiwa, akawapongeza wananchi kwa jengo lao zuri. Watoto walikuwa wamesimama mbele yake, miguu imezama matopeni. Januari hiyo hakuna hata mmoja wao aliyeingia darasani.

Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ule ukuta hawakuujenga waliouangusha. Ukikabidhiwa haki ya mtoto, ipeleke leo, hata kwa baiskeli, hata asiwepo wa kukupigia makofi. Atakayekwambia usubiri sherehe, mkatalie, hata kama ni mkubwa wako. Mungu akujalie kazi kubwa na kiburi kidogo, na pasiwe na mtoto atakayeloa kwa ajili ya heshima yako.